GPU ya wati chache kwa Dell OptiPlex 7010 SFF: GT 730 ya 4GB, GT 1030 au 1050 Ti? (Kigoma mjini)

Gungu_Juu

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa GPU (kadi ya grafiki) kabla sijatoa hela.

Mashine ni Dell OptiPlex 7010, lile kasha jembamba la SFF, si tawa. Kibandiko cha pawa saplai kinasomeka 240W. Ndani kuna i5-3470, RAM 8GB kipande kimoja, SSD ya 240GB na Windows 10. Skrini ni TV ya inchi 32 ya 1080p, naiunga kwa adapta ya DisplayPort kwenda HDMI. Umeme unapitia UPS ya 650VA.

Kazi zake: kukata video za harusi na mahafali kwa Kdenlive, nyingi 1080p, GTA V na FIFA za miaka ya nyuma kwa vijana wa nyumbani, na YouTube, ambayo ikifika 1080p ya fremu 60 inakwamakwama na CPU inapanda hadi asilimia 100.

Nimepata machaguo matatu. GT 730 ya 4GB mpya, ipo duka moja hapa Mwanga. GT 1030 ya 2GB, hiyo ni ya kuagiza Dar. Na kuna mtu anauza GTX 1050 Ti ya 4GB, mtumba. Bajeti ni laki mbili, nikijikaza laki mbili na nusu.

Maswali: 4GB ya GT 730 si itazidi 2GB ya GT 1030? Na 240W itaibeba 1050 Ti? Luku yangu ni D1, ile ya watumiaji wadogo, nisingependa mashine hii initoe nje ya yuniti 75 za mwezi.

---

FundiKatubuka

Mkuu, hizo 4GB za GT 730 zisikuvute. GB zinakuambia ghala lina ukubwa gani. Hazikuambii mlango una upana gani. Ghala la dagaa lenye mlango wa kupita mtu mmoja, hata uliongeze mara mbili, gari halitajaa haraka zaidi. GT 730 yenye kumbukumbu ya DDR3 na njia ya biti 64 inapitisha takriban GB 14 kwa sekunde. GT 1030 ya GDDR5 inapitisha 48. Kadi ya kiwango hicho ikifika mahali pa kuhitaji 4GB, imeshazidiwa zamani na hesabu zenyewe, kwa hiyo nusu ya ile kumbukumbu inakaa bure.

Tena GT 730 ni jina moja lenye kadi tofauti ndani yake. Kuna ya Fermi, kizazi cha zamani, koa (viini vya hesabu) 96, biti 128, wati 49. Kuna ya Kepler, kizazi kilichofuata, koa 384, biti 64, DDR3, wati 23. Kuna ya Kepler yenye GDDR5, wati 25. Boksi mara nyingi limeandikwa "GT 730 4GB" tu, na muuzaji hawezi kukutofautishia. Ya Fermi draiva zake ziliishia kwenye tawi la 390, ya Kepler kwenye 470. Mpya kwenye boksi, lakini kwa upande wa programu ilishaachwa.

Sasa YouTube, maana hapo ndipo wengi wanaponunua kitu kisichowasaidia. Video inakwama kwa sababu YouTube inatuma VP9 au AV1, miundo mipya ya kubana video, na grafiki ya ndani ya i5-3470, yaani HD 2500, kati ya miundo ya YouTube inajua kufungua H.264 ya zamani peke yake. Kazi yote inaiangukia CPU. GT 730 nayo haifungui VP9. Ukiinunua utabaki na tatizo lilelile. Kuanzia kizazi cha Pascal, yaani GT 1030, GTX 1050 na Quadro zinazoanza na P, VP9 na HEVC zinafunguliwa na kadi yenyewe. AV1 hakuna kati ya hizo inayoifungua, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya uchezaji ya akaunti yako ya YouTube uchague AV1 kwa video za ubora wa chini tu, au weka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari. Hicho ni cha bure, kiweke leo hata kabla ya kadi. Ukomo wake ni kwamba H.264 ya YouTube haivuki 1080p.

Kuhusu umeme. Sloti ya PCIe x16 kwa kanuni inatoa hadi wati 75: takriban 66 kwenye mstari wa volti 12 na zilizobaki kwenye volti 3.3. Kadi isiyo na tundu la waya wa pini 6 inakula humo humo. Hesabu yako ni hii: i5-3470 imeandikwa wati 77. Madabodi, RAM, SSD, feni na vitu vya USB weka 35 hadi 40. Ukiongeza 1050 Ti ya wati 75 unafika karibu 190 kati ya 240. Kwenye karatasi inatosha. Lakini hiyo pawa saplai imeshafanya kazi miaka zaidi ya kumi, kapasita zake zimechoka, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta za ofisi huweka ukomo wa sloti chini ya 75 kwenye makasha membamba. Mashine itawaka vizuri, kisha itajizima katikati ya mchezo au wakati wa kutoa video, bila ujumbe wowote. Mimi kwenye SFF sivuki kadi ya wati 50.

Kwa hiyo nakushauri uache hizo tatu, uulize Quadro za mtumba zinazotolewa kwenye kompyuta za ofisi. Ziko hivi:

P400: wati 30, 2GB, GB 32 kwa sekunde. Hii iache, iko chini ya GT 1030.
P600: wati 40, 2GB, koa 384, GB 64 kwa sekunde.
P620: wati 40, 2GB, koa 512, GB 80 kwa sekunde.
P1000: wati 47, 4GB, koa 640, GB 82 kwa sekunde.

Zote ni fupi, nyembamba za sloti moja, hazihitaji waya wa ziada. Na zina NVENC, yaani kifaa cha kusimba video ndani ya kadi. GT 1030 haina NVENC kabisa, jambo ambalo anayekata video za harusi anapaswa kulijua kabla ya kulipa. P620 inakutosha. P1000 ukiipata ndani ya bajeti, ichukue.

Ukilazimika kubaki na GT 1030, hakikisha ni ya GDDR5. Mwaka 2018 ilitoka nyingine yenye DDR4 kwa jina lilelile, na yenyewe inapitisha GB 16.8 tu kwa sekunde, karibu theluthi ya ile ya kwanza. Ukimwuliza muuzaji "ni 1030?" atajibu ndiyo na atakuwa hajakudanganya. Uliza aina ya kumbukumbu.

---

Miembe_Tabora

Nakubaliana na FundiKatubuka kuhusu wati, ila kuna jambo kalipita. NVIDIA wamefunga ukurasa wa Maxwell na Pascal. Draiva za kawaida za michezo kwa vizazi hivyo zimeishia Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. P620 na P1000 zimo humo, GT 1030 na 1050 Ti pia, na GTX 750 Ti ambayo ni Maxwell. Kwa GTA V na Kdenlive haitamsumbua leo. Lakini mtu anayenunua kitu cha kukaa nacho miaka mitano aweke hilo kwenye mizani.

Kizazi kinachofuata, Turing, bado kinahudumiwa. Cha kutafuta ni T600: wati 40, 4GB, koa 640, GB 160 kwa sekunde, fupi na ya sloti moja. Inaipita P1000 na inakula kidogo kuliko hiyo. T1000 ni wati 50. T400 ni wati 30, na iko ya 2GB na ya 4GB, kwa hiyo uliza. Bei ndiyo kikwazo, T600 ya mtumba inaweza kupita laki mbili na nusu yako. GTX 1650 nayo ni Turing, lakini ni wati 75, na matoleo mengi yana tundu la pini 6 ambalo pawa saplai yako haina waya wake. Wale wanaouza adapta za kutoa pini 6 kwenye waya wa SATA, usiwakubalie. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na zile adapta zilizomwagwa plastiki huyeyuka hapo hapo kwenye kiungo.

Mbili nyingine ambazo mtu atakuja kuzitaja. RX 6400 ni wati 53, 4GB, inavutia, ila inatumia njia nne tu za PCIe. Kwako sloti ni kizazi cha 3 kwa sababu i5-3470 ni ya kizazi cha Ivy Bridge, kwa hiyo inapoteza kiasi. Mwenye i5-2400 angebaki na kizazi cha 2 na angepoteza sana. Tena haina kisimbaji cha video, sawa na GT 1030. Intel Arc A310 ina kila kitu, hadi AV1, lakini bila Resizable BAR (uwezo wa CPU kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) inashuka vibaya, na madabodi ya 2012 haina hiyo.

Anayetumia Linux aangalie RX 550, wati 50, draiva yake imo kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, huhitaji kusakinisha chochote. Ila VP9 haiifungui kikamilifu, kwa hiyo kwenye YouTube h264ify inabaki.

---

FundiKatubuka

Hoja ya draiva ni ya kweli na nimeipokea. Bado kwa laki mbili na nusu nasimama na P1000. T600 ikishuka bei, aichukue hiyo.

Mkuu Gungu_Juu, sijakujibu kuhusu michezo. GTA V, lile toleo la awali, kwa mipangilio waliyoipendekeza wenyewe lilitaja i5-3470, ileile uliyonayo, pamoja na GTX 660 ya 2GB. P620 na P1000 zinakuweka jirani na hapo: 1080p, mipangilio ya kawaida, vivuli na majani ukiyashusha. FC 24, iliyorithi FIFA, sahau. Kima chake cha chini ni 1050 Ti na i5-6600K, CPU yako haifiki.

Na ongeza kipande cha pili cha RAM, DDR3 ya kompyuta ya mezani, isiyo ya ECC (ile ya seva), 8GB kama hicho cha kwanza. Viwili vikikaa kwenye njia mbili CPU inapumua, na Kdenlive itafaidika na hilo kuliko na kadi yoyote. Kdenlive kazi yake kubwa iko kwenye CPU. Kadi inakusaidia mwishoni, unapotoa faili, ukichagua kutoa kwa NVENC. Wakati wa kukata tumia proksi: kwenye mipangilio ya mradi washa utengenezaji wa proksi kwa video zinazozidi pikseli 1000 za upana, acha iandae, kisha kata kwa nakala nyepesi. Faili la mwisho linatolewa kutoka kwenye video asilia.

---

Gungu_Juu

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Hali ilivyo sasa:

GT 730 nimeachana nayo. Mwenye 1050 Ti amenitumia picha, ina matundu matatu: HDMI, DVI na VGA. Anasema draiva yake ipo kwenye flashi, nisitumie ya kwenye tovuti. Bei yake iko chini sana.

Kwa upande wa Dar nimepata P1000 kwa laki mbili na ishirini. Muuzaji anasema ina mini DisplayPort nne na bati refu la kuifungia kwenye kasha. Itaingia kwangu? Na TV yangu ni HDMI.

---

Bandarini_Kgm

Hiyo 1050 Ti usiiguse, mkuu. Pascal haina VGA. Kizazi hicho kiliondoa kabisa mawimbi ya analogi, hata DVI yake ni ya dijitali tupu. Kadi yenye jina la 1050 Ti na tundu la VGA kwa kawaida ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya Fermi iliyobadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili ijitangaze kwa jina jingine. Na ndiyo maana anakupa flashi: draiva halisi ikiingia inatambua chipu siyo, mashine inaangukia skrini ya bluu au inakataa kuisakinisha. Tena GTX 550 Ti imeandikwa wati 116. Ungeichomeka kwenye SFF ukiamini ni 75.

Hata kwa P1000 omba uthibitisho kabla ya kutuma hela. Mwambie afungue GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, achukue video ya skrini pamoja na kadi yenyewe, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo kwa kalamu. Kwenye GPU-Z tazama mambo haya: chipu iwe GP107, koa 640, kumbukumbu GDDR5 ya biti 128, na jina lisitanguliwe na neno FAKE kwenye mabano. Programu hiyo huwa inaliweka yenyewe ikigundua BIOS iliyochezewa. Kisha abonyeze ile alama ya kuuliza pembeni ya mstari wa kiunganishi cha basi, kadi ifanye kazi, isomeke x16. Ikisomeka x8 au x4 wakati imekaa kwenye sloti ndefu, kuna meno machafu au yaliyokatika.

Bati refu halitaingia kwenye SFF, kasha halitafunga. P1000 ilitoka kiwandani na bati mbili, refu na fupi. Mdai lile fupi. Kufunga ni kazi ya dakika mbili, skrubu mbili ndogo za nyota. Kuiendesha bila bati inawezekana kwa muda, lakini uzito wa nyaya unaivuta kadi, inalegea kwenye sloti, na unaanza kupata skrini nyeusi zisizoeleweka.

Adapta: mini DisplayPort kwenda HDMI ya kawaida inafanya kazi, na sauti inapita. Inunue hukohuko Dar, mzigo mmoja, na zinunue mbili maana za bei ya chini hulegea. Mwenye monita ya VGA pekee atafute iliyo na chipu ya kubadilisha ndani.

Kuhusu usafiri, kadi iingie kwanza kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha nailoni ya mapovu, kisha boksi gumu. Barabara ya huku mnaijua, na mizigo ya basi hupangwa juu kwa juu.

---

Miembe_Tabora

Niongeze upande wa kufunga, maana kosa la kwanza huwa hapo.

Sasisha BIOS ya madabodi kabla ya kuweka kadi. Toleo la mwisho la 7010 ni A29. Fanya hivyo UPS ikiwa imejaa na umeme wa Tanesco ukiwa umetulia, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS madabodi imekufa. Ukiwa humo badilisha na betri ya CR2032 kama saa inarudi nyuma.

Zima, chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha. Kadi ikae kwenye sloti ya x16 iliyo karibu na CPU. Ile ya pili inafanana nayo kwa urefu lakini ina njia nne tu. Sukuma hadi kishikio kilie. Kisha TV iunge kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la madabodi. Wengi wanaosema kadi imekufa wameacha waya ulipokuwa.

Ikibaki nyeusi, rudisha waya kwenye madabodi, ingia BIOS, tazama uchaguzi wa skrini ya kwanza uwe Auto. Taa ya kitufe ikigeuka rangi ya chungwa na mashine isiwake, toa kadi ujaribu bila hiyo. Ikiwaka, kadi ina kasoro au haijakaa sawa. Meno yake yasugue kwa kifutio cheupe cha penseli na uyapanguse kwa spiriti.

Draiva chukua ya Quadro kutoka tovuti ya NVIDIA, tawi la 580 kwa Pascal. Baada ya hapo endesha FurMark, programu ya kuibana kadi kwa nguvu zote, dakika 15 huku ukitazama joto. Ikitulia chini ya 80 uko salama. Ikipanda 85 na kuendelea, feni ina vumbi au pesti ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka. Fungua skrubu nne za nyuma, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele, funga kwa mkingamo. Kwa vumbi la Kigoma la kiangazi, kasha lako lifunguliwe upulizwe kila miezi mitatu, na feni uizuie kwa kidole wakati wa kupuliza isizunguke kupita kiasi.

---

Bandarini_Kgm

Na ile hofu yako ya luku. Hesabu kwa hali mbaya kabisa, kadi ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kila siku: P1000, wati 47 × saa 4 × siku 30 ni yuniti 5.6. 1050 Ti ingekuwa 9. Kiuhalisia ni chini ya hapo, kwa sababu kwenye YouTube na kuandika kadi inakula wati chache tu. Mashine nzima pamoja na TV, ikikula wastani wa wati 120 kwa saa hizohizo, ni yuniti 14.4 kwa mwezi. Kama bila kompyuta unatumia 55, unabaki ndani. Kama una jokofu na uko 65 tayari, unaweza kuvuka 75, kwa hiyo fuatilia.

UPS ya 650VA nyingi zina betri moja ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 ikiwa mpya. Kwa mzigo wa wati 200 betri ya aina hiyo haitoi hata nusu ya hizo, kwa hiyo tegemea dakika kumi, na betri ya miaka miwili ni chini ya hapo. Zinatosha kuhifadhi mradi wa Kdenlive na kuzima. Unapotoa video ndefu ya harusi, igawe vipande vya dakika 20 au 30 kisha uviunge mwishoni. Umeme ukikatika unapoteza kipande kimoja, si saa tatu za kazi.

---

Gungu_Juu

Nimeelewa. Nachukua P1000 kwa sharti la video ya GPU-Z na bati fupi, pamoja na adapta mbili. h264ify nimeshaiweka, 1080p ya fremu 60 imeacha kukwama na CPU imeshuka hadi asilimia 40 hivi. Swali la mwisho: grafiki ya ndani niizime nikishaweka kadi?

---

FundiKatubuka

Usiizime. Ina Quick Sync, inasimba H.264, na ni msaada siku kadi ikipata shida. Kwenye BIOS acha kazi ya skrini nyingi iwe imewashwa, TV ibaki kwenye P1000.